Mbuzi Ndani ya Buti, Mafuta Kwenye Filta

Nyinyi vijana mnaofungua boneti ili mpige picha na si ili mtengeneze, sogeeni karibu. Nimestaafu. Magoti yananiuma, sina mteja wa kumbembeleza, na kwa mara ya kwanza maishani naweza kumwambia mtu ukweli kuhusu gari lake bila kuogopa kwamba atalipeleka kwa jirani. Raha ya uzee ni hiyo tu, msidanganywe kuna nyingine.

Nilikuwa fundi wa magari. Watu wakisikia hivyo hufikiri nilishinda nikipasua injini. Hapana. Sehemu kubwa ya maisha yangu niliitumia kuwaeleza watu wazima, wenye familia na suti, kazi ya filta ya hewa. Gari huvuta hewa kama wewe unavyovuta, na filta ndiyo pua yake. Pua ikiziba, gari linahema. Ukiiondoa kabisa, gari linakula vumbi mpaka linaanza kutoa moshi wa buluu, na hapo unakuja kwangu kuniuliza ni nani amekuroga. Mtoto wa nasari akielezwa hivyo anaelewa. Mwenye gari haelewi, kwa sababu yeye ameona video.

Aliyenifundisha kazi ni Kalasinga mmoja aliyeitwa Gurmit, ila sisi sote tulimwita Mistri, yaani fundi kwa lugha yao. Gereji yake ya kwanza ilikuwa mjini, kwenye kichochoro nyuma ya Kirinyaga Road, ambako ukiacha gari wazi ukaenda kunywa chai unarudi unakuta limepungua uzito. Baadaye alichoka kugombania nafasi na mikokoteni, akatuhamishia Riruta, karibu na Naivasha Road, na huko ndiko nilikozeekea.

Mistri alikuwa na desturi moja iliyowakera wateja sana. Gari likiingia alimkataza mtu yeyote kugusa boneti. Alinisimamisha nikiwa nimeligeuzia gari mgongo, kikombe cha chai mkononi, na kumwambia mwenye gari akanyage mafuta polepole. Mimi nilitakiwa kusikiliza tu.

"Wewe Kioko, fungua boneti ya nini?" alikuwa akiniuliza. "Gari iko ongea. Ngoja imalize. Wewe iko kata maneno ya watu, hata ya gari pia?"

Mara ya kwanza nilisema ni plagi. Haikuwa plagi. Mara iliyofuata nikasema ni pampu ya mafuta, na Mistri akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye ndevu. Ilikuwa tambara mtu alilosahau ndani ya bomba la hewa. Na mtu mwenyewe, nawaomba mnyamaze, alikuwa amelitia makusudi, "ili vumbi lisipite." Alifaulu. Hata hewa haikupita.

Wateja wa enzi hiyo ya filta za karatasi walikuwa vituko. Kuna mfanyabiashara wa vitambaa mjini, mtu nadhifu ajabu, aliyeifua filta ya karatasi kwa sabuni ya unga, akaisuuza na kuianika kwenye kamba katikati ya mashati. Aliniletea ikiwa imejikunja kama chapati ya jana. Ilinukia vizuri, sitakosa kusema hivyo. Kuna mwingine aliyeibamiza kwenye tairi kila Jumapili baada ya ibada, kwa bidii ambayo angeitia katika sala angeshakuwa askofu. Karatasi haifuliwi, na haibamizwi mpaka ikachanika. Ikichafuka sana, nunua nyingine. Nimewaambia bure, na najua mtapuuza bure.

Kisha ikaja enzi ya koni.

Koni mnazijua nyinyi kuliko mnavyojua simu za mama zenu. Unang'oa boksi la filta ambalo wahandisi walikaa chini wakalichora, unaliuza, na mahali pake unafunga kitu chekundu kilichochongoka, cha pamba na wavu, kinachokaa wazi katikati ya joto la injini kikivuta hewa ya moto. Gari halikimbii zaidi. Linapiga kelele zaidi. Kwa kijana wa Nairobi hayo mawili ni kitu kimoja.

Sisemi koni ni mbaya. Ukiitunza, inatunzika, na unaweza kuiosha mara nyingi. Shida yake ni kwamba pamba ile hutiwa mafuta yake maalumu, mepesi, kidogo tu, ili vumbi linase. Na mahali popote duniani penye neno "kidogo", Mkenya husoma "mimina".

Sasa niwajulishe kwa mkwe wangu.

Anaitwa Kimani, wa Kinoo. Ana Subaru ya rangi ya samawati na koni nyekundu ndani yake. Alimpenda binti yangu Mwende, na Mwende, kwa sababu ambazo sikuziona mara moja, akampenda pia. Mwende mnapaswa kumjua vizuri. Alikulia gereji. Kila Jumamosi alikuwa pale Riruta, amekaa juu ya tairi, Mistri akimpa biskuti na kumwambia aligeuzie gari mgongo asikilize. Alikuwa akipatia kunizidi. Siku hizi anafanya kazi ya bima huko Westlands na anavaa viatu vya kisigino, lakini lori likipita utamwona kichwa kimeinama kidogo upande.

Kwetu Ukambani, msichana hajaolewa mpaka mbuzi wa ntheo waje nyumbani kwao na wachinjwe. Ni mbuzi watatu, na bila hao mengine yote ni urafiki. Kabla ya siku hiyo, mimi na kijana tunaheshimiana kwa mbali. Hatuli pamoja, hatupigi soga, na vitu vyake sivigusi. Mlinzi wa mambo hayo katika ukoo wetu ni kaka yangu Mutiso, ambaye anazijua mila kuliko waliozianzisha.

"Kioko," aliniambia wiki ile, "najua mikono yako. Ukishika ile gari kabla mbuzi hawajaingia, umekuwa fundi wa yule kijana, si mkwe wake. Atakulipa, na binti atamchukua bure."

Nikamwambia sina haja na gari la mtu. Nilimaanisha, wakati ule.

Siku ya ntheo ilikuwa Jumamosi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na njia inayopanda kutoka lami mpaka kwangu Riruta, ambayo ni udongo mwekundu mtupu, ilikuwa imelainika. Asubuhi, huko Kinoo, Kimani aliamua kwamba gari la kuwabeba mbuzi wa ntheo sharti liwe safi hata ndani ya boneti. Wazo zuri. Akatoa koni. Akaiosha kwa petroli, kwa sababu petroli inatoa uchafu, na pia inatoa gundi, lakini hilo halikuwa kwenye video. Akaipiga hewa ya kompresa kwa karibu ili ikauke haraka. Kisha akatafuta mafuta yake maalumu, akakosa, akachukua oili ya injini na kuipaka kwa moyo wote, kama mtu anayepaka mkate siagi ya bure ya kazini. Haya yote alinieleza yeye mwenyewe baadaye, kwa sauti ya mtu aliyefanya kazi nzuri.

Mnajua kinachofuata? Hamjui. Nyuma tu ya koni, ndani ya bomba, kuna sensa ndogo yenye waya mwembamba sana unaopashwa moto. Hewa ikipita, waya unapoa, na kwa namna hiyo kompyuta ya gari inajua hewa ni kiasi gani na petroli iende kiasi gani. Oili ikizidi kwenye koni inavutwa, inaurukia ule waya, inaupaka. Kuanzia hapo sensa inasema uongo. Na kompyuta, kama mtumishi mwaminifu, inauamini kila mmoja.

Mchana nilikuwa nimekaa kwenye hema nyumbani, Mutiso kando yangu, tumeligeuzia lango mgongo. Watu wa Kinoo walikuwa wameshafika kwa magari mengine na walisimama nje ya lango wakiimba, wakimsubiri Kimani. Hawangeweza kubisha bila yeye, kwani yeye ndiye aliyebeba mbuzi ndani ya buti, na kiti cha mbele alikuwa amemketisha nyanya yake, ambaye wote wanamwita Cucu. Cucu ndiye mwenye msafara. Mbuzi aliwachagua mwenyewe kule Dagoretti, akiwafinya mbavu mmoja mmoja mpaka muuzaji akakata tamaa.

Nikalisikia gari likiacha lami. Sikugeuka. Injini ilipanda, ikashuka, ikapanda, ikashuka, kama mtu anayetaka kupiga chafya na haiji. Kisha ikakohoa, ikazima. Ikawashwa, ikashika kidogo, ikazima. Nikasikia mbuzi wakilalamika.

"Oili kwenye sensa," nikasema.

"Umesema nini?" Mutiso akauliza.

"Nimesema hali ya hewa."

Gari lilikuwa limekwama katikati ya kilima, hatua chache chini ya lango letu. Wanaume wa Kinoo walikwenda kusukuma wakiwa na viatu vyenye ncha. Tope likawapokea. Suti mbili zililala chini kabla gari halijasogea, na liliposogea, lilirudi nyuma. Wakamwomba Cucu ashuke apande bodaboda.

"Niliambiwa nitaingia na Subaru," tukamsikia akisema kutoka kule chini. "Sishuki."

Basi wakasema watatoa mbuzi wawavute kwa kamba.

"Mbuzi ni zangu. Zitaingia na mimi. Nani amewaambia mfungue hiyo buti? Funga!"

Mnaweza kucheka. Nami ningecheka, kama Mutiso asingeniinamia na kuniambia jambo alilokuwa akilingoja. Alisema mbuzi wa ntheo wakilala njiani, hawaingii kesho. Wanarudi walikotoka, na wenyewe wanaanza upya, baada ya mavuno, wazee wakikubaliana. Jua likitua wakiwa kule chini, hakuna ntheo.

"Mila hiyo imetoka wapi?" nikamuuliza.

"Kwa baba."

Baba alituachia vitu vichache sana, na Mutiso kila mwaka anagundua kingine.

Nikainuka. Mutiso akanishika koti. "Ukienda kugusa, ni vibaya zaidi," akasema, na mashangazi wote walikuwa wakinitazama. Nilikaa. Jua lilikuwa limeanza kuinama upande wa Dagoretti. Nikamwona Mwende amesimama mlangoni pa jikoni, amevaa nguo zake za sherehe, mikono ameikunja kifuani. Alikuwa anasikiliza, kichwa upande, na nilijua kwamba alisikia ninachosikia, ila sensa hizi hazikuwapo enzi za Mistri. Alijua gari linadanganywa. Hakujua linadanganywa na nani.

Iliniuma, sitawaficha. Kwa miezi nilikuwa nimeombea jambo fulani litokee liahirishe siku hiyo, maana nyumba bila Mwende sikuijua nitakaa nayo vipi. Sasa jambo lilikuwa limetokea, na sikulitaka.

Penye tangi la maji tulikuwa tumefunga mbuzi wetu, wa kuwalisha wageni. Nikamwendea, nikainama mbele yake.

"Wewe mbuzi," nikaanza, kwa sauti ya kutosha. "Tuseme una gari."

Mbuzi akanitazama. Mashangazi wakageuka.

"Tuseme gari lako lina koni, na mtu mwenye mapenzi mengi na akili za kukopa ameipaka oili ya kuwatosha mbuzi wote wa Dagoretti. Ungefanya nini? Ungezima injini kwanza, uondoe funguo. Ungefuata bomba kutoka kwenye koni kurudi nyuma. Hapo kuna kijisensa cheusi chenye plagi. Ungebonyeza kile kiklipu, uchomoe plagi taratibu. Sensa yenyewe usiitoe. Usiipanguse na leso, usiipulize na mdomo. Halafu washa. Kompyuta ikikosa habari kabisa, itakisia. Na kukisia kwake ni afadhali kuliko uongo inaoambiwa. Gari halitakuwa na nguvu, taa itawaka kwenye dashibodi, lakini litapanda. Umenisikia, mbuzi?"

"Kioko!" Mutiso akaita. "Unaongea na nani?"

"Na mbuzi wangu. Kuna mila inakataza?"

Mutiso akafikiri. Nilimwona akizipitia zote kichwani, moja moja. "Hapana," akasema kwa uchungu.

Niliponyanyua macho, mlango wa jikoni ulikuwa wazi na Mwende hakuwapo. Viatu vyake vya kisigino vilikuwa vimepangwa kizingitini.

Nikarudi kitini, nikaligeuzia lango mgongo. Nikasikia boneti ikifunguliwa. Nikasikia Kimani akisema, "Mwende, wacha, utachafuka, nimepigia fundi wangu anakuja," na Mwende akimjibu, "Fundi wako ndiye amekuonyesha video? Shika hii leso." Kisha starta. Injini ikashika, nzito, ya hovyo, inatetemeka kama mtu aliyeamshwa, lakini haikupanda wala kushuka. Ilikaa pale pale. Sijawahi kusikia injini mbovu nikafurahi namna ile.

Gari likaingia langoni polepole, tope mpaka madirishani. Kimani alikuwa nyuma, anasukuma bado, ingawa halikuhitaji tena kusukumwa. Cucu alikuwa mbele, amenyooka. Nyuma kulikuwa na mbuzi watatu wenye hasira. Na kwenye usukani alikuwa Mwende, miguu mitupu.

Mutiso alisimama kama aliyeketi kwenye siafu. "Haiwezekani! Msichana hajiletei mbuzi zake mwenyewe! Nani amewahi kuona?"

Cucu akafungua mlango, akashuka bila kusaidiwa na mtu, akatengeneza kilemba.

"Mbuzi nimeleta mimi," akasema. "Huyu ni dereva tu."

Mutiso akazipitia mila zote tena, moja moja. Hakupata yoyote kuhusu dereva.

Kwetu, kabla kisu hakijagusa mbuzi, binti huitwa mbele ya wazee akaulizwa. Wengi hujibu kwa sauti ya chini, macho chini, kama inavyotakiwa. Mwende alikuja akiwa na oili mpaka kwenye viwiko.

"Mwende," Mutiso akauliza, "hawa watu unawajua? Tupokee mbuzi wao?"

"Nawajua," akasema. "Nisingewajua, ningewaacha pale kilimani."

Mbuzi wakachinjwa. Mimi nilingoja damu ishuke chini, na niliposhuhudia kwamba sasa ni halali, nikavuka uwanja moja kwa moja mpaka kwa Kimani. Alikuwa na tope mpaka masikioni na alinyoosha mkono kunisalimia, kwa mara ya kwanza kama mkwe.

"Baba," akasema.

"Leta koni," nikamwambia.

Tukakaa penye tangi, mimi, yeye na Mwende. Nikamwonyesha pale kompresa ilipoanza kutoboa pamba, tundu dogo, bado linavumilika. Nikamwonyesha mpira wa ukingoni uliolegezwa na petroli. Tukailoweka kwa maji yenye sabuni laini ya vyombo, bila kusugua. Tukaisuuza kwa maji ya taratibu kutoka ndani kwenda nje, ili uchafu utoke ulikoingilia badala ya kusukumwa ndani zaidi. Tukaikung'uta. Akataka kuiweka karibu na jiko la nyama ikauke upesi. Nikamwangalia, akairudisha. Koni hukauka kivulini, yenyewe, kwa wakati wake, na ikikauka ndipo unaweka tone moja kwenye kila mkunjo, kisha unangoja rangi isambae. Sensa nayo itasafishwa kwa dawa yake ya kupuliza, inauzwa mjini, Jumatatu. Leo hakifungwi kitu.

Tukaitundika kwenye kamba ya nguo. Watu wake wa Kinoo walikuwa wameanza kukusanya vyombo na kumwita Cucu. Mwende aliegemea bega langu, mikono yake ikininukia oili kama zamani, na mimi nikatamani ile pamba isikauke.

Kimani aliiangalia koni, akaangalia jua, akaangalia watu wake wakipanda magari.

"Baba, sasa hii itachukua muda gani?"

"Una haraka ya kwenda wapi?" nikamuuliza. "Umeshafika."